Siku Kosa Lilipompita Koma

Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye kitambulisho, na huko huko likabaki. Watu wote walimwita Koma. Alikuwa msomaprufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, jengo la ghorofa moja lenye harufu ya wino hadi vyooni, na hakuna karatasi iliyoingia mashineni kabla hajaipitia kwa kalamu yake nyekundu. Kadi za harusi, kalenda, madaftari ya shule, vipeperushi vya dawa za mende, vyote alivisoma kwa uso ule ule wa mtu anayechambua mchele. Siku moja, zamani, alirudisha kadi ya mwaliko iliyoandikwa "Karibuni tule ndugu na jamaa," akamwambia mpangaji wa kurasa, "Hapa pasipo koma umewaalika watu waje wale ndugu zao." Kiwanda kizima kilicheka, na jina likamganda. Lilimfaa kwa njia nyingine pia, maana kelele zikizidi huko mashineni, alitoa kichwa dirishani na kupiga ukelele mmoja tu: "Komeni!"

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akinaswa na umeme, kwa hiyo watu walimwita Baridi, na hakuna aliyejua vizuri kama jina lilitokana na kazi au na tabia. Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Mwanzoni walihangaika, wakapima, wakaambiwa wote wawili hawana tatizo, wakasubiri. Halafu taratibu wakaacha kulizungumza. Hawakununiana wala kulaumiana. Walipendana tu, wakazipenda na kazi zao, na jioni walikula sahani moja wakisikiliza redio.

Ndiyo maana Koma alipoanza kusinzia juu ya prufu hakufikiria mimba. Alidhani ni uzee umemwahi. Alikwenda kliniki kuomba dawa ya uchovu, akapimwa, akarudi nyumbani akitembea kama amebeba beseni la maji kichwani. Baridi alikuwa uani, kichwa chake chote ndani ya jokofu la mteja.

"Baba, toa kichwa humo."

"Ngoja kidogo, kuna mahali gesi inavuja."

"Toa kichwa, nina neno."

Alipojivuta akajigonga kwenye rafu. Koma akamwambia. Baridi akauliza, "Nani ana mimba?"

"Unaona mwanamke mwingine hapa? Mimi."

Yule mtu asiyepandisha sauti aliketi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanyanyuka na kuufunga mlango wa lile jokofu polepole sana, kana kwamba mtoto alikuwa tayari kalala humo.

Sasa, mtu aliyezoea kusoma kila kitu hawezi kupata mimba akaacha kusoma. Koma alisoma kwenye simu asubuhi, alisoma wakati wa chakula, alisoma hadi maoni ya watu wasiojulikana. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amejikuta na maradhi kumi na moja, mawili kati yake ya wanaume. Siku ya hudhurio la kwanza alifika kliniki amekunja uso. Mkunga wa pale alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara na mikono laini ajabu. Alimfunga kipimo cha presha, akatazama, akakifungua.

"Umekuwa ukisoma nini?"

"Kila kitu."

"Naona. Kila kitu kimepanda hadi huku kwenye kipimo. Hebu kaa pale, vuta pumzi, nitakupima tena."

Alipompima tena presha ilikuwa nzuri. Akamtoa damu ya kupima kundi, wingi na maambukizi, akachukua mkojo, akampima uzito, na Baridi naye akaitwa apimwe virusi vya UKIMWI pamoja na mkewe, ili wajue hali zao wote wawili. Kisha mkunga akasogeza kiti karibu.

"Sikiliza, dada. Hii ni mimba ya kwanza, na umri wako si wa msichana. Sikutishi. Nakwambia ili usikose hudhurio hata moja, kwa sababu presha yako nataka kuiona kwa macho yangu kila mara. Na simu iweke kando. Simu haikujui. Nunua daftari, kila swali liandike humo, ulete hapa."

Hudhurio la pili Koma alileta maswali arobaini na moja, yamepangwa kwa namba. Mkunga alijibu kumi na mawili, akanywa maji, akajibu matano mengine, akasema, "Mengine ya mwezi ujao, la sivyo nitajifungua mimi kabla yako."

Mwezi wa nne wa mimba mama mkwe alikuja kukaa nao. Alikuwa amestaafu ushonaji, na alikuja na cherehani yake kama askari anayesafiri na bunduki. Alimpenda mkamwana wake tangu zamani, hata ile miaka ambayo majirani walimshauri asimpende. Lakini alikuwa na mambo yake. Asubuhi ya kwanza alimkuta Koma anamenya yai, akalichukua mkononi mwake kwa upole.

"Mkamwana, mayai yaache kwanza. Mtoto atatoka na upara."

"Mama, mkunga amesema nile."

"Mkunga ni mtoto mdogo."

Koma hakubishana. Alimwomba tu mama mkwe amsindikize kliniki. Mkunga alisikiliza habari ya mayai hadi mwisho, bila kutabasamu.

"Mama yangu, ulizaa wangapi?"

"Watano. Wote wazima."

"Hongera. Ukiwa na mimba ulikula mayai?"

"Hata moja!"

"Na huyu fundi wetu ni wa ngapi?"

"Wa tatu," alisema mama mkwe, akageuka kumtazama mwanawe. Baridi alikuwa amesimama chini ya taa, amevua kofia kwa heshima, na kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya; unywele ulikuwa umehama zamani. Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, akajifunika uso na kitambaa, akacheka mpaka akaletewa kiti. Tangu siku ile ni yeye aliyechemsha yai kila asubuhi, akalipeleka mezani pamoja na maharage na mboga za majani, akisimama pale hadi sahani ibaki nyeupe.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua nyumbani lilikuwa la vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Vilimchafua Koma roho na kumfunga choo, akawa anaenda msalani na kurudi vile vile alivyokwenda. Akaona haya kusema. Mwanamke anayesahihisha maandishi ya watu atasemaje kwamba ameshindwa kumeza kidonge? Akawa anavitia kwenye droo ya ofisini, chini ya kalamu. Wiki tatu zikapita hivyo. Mwezi wa sita alipimwa damu, mkunga akaiangalia karatasi ya majibu, akamwangalia yeye, akamvuta kope la chini ya jicho.

"Unavinywa vidonge?"

"Ninavyo."

"Sikukuuliza kama unavyo."

Koma, aliyeishi kwa kukamata maneno ya wenzake, alikuwa amekamatwa kwa neno moja. Akalia. Mkunga alimwacha alie, akampa kitambaa.

"Wengi vinawasumbua. Ungeniambia wiki ya kwanza. Vinywe jioni baada ya kula, kwa maji au maji ya chungwa, na chai ikae mbali navyo. Kunywa maji mengi, kula matunda, tembea kidogo kila siku. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa. Vikiendelea kukusumbua tutabadilisha aina. Ila ukinificha mimi, aliyefichwa ni huyu humu ndani."

Jioni ile alimweleza mumewe yote. Baridi aliinuka, akaleta glasi mbili za maji.

"Hii ya pili ya nani?"

"Yangu. Kuanzia leo tunakunywa pamoja. Wewe na kidonge, mimi bila."

Na wakafanya hivyo kila jioni, wakigonganisha glasi kama watu walio harusini. Baada ya wiki kadhaa damu ilipanda, na Koma akaanza tena kufoka dirishani, jambo lililowafurahisha sana watu wa mashineni.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mkunga aliwaita wote watatu, akauliza maswali matatu: nani atakupeleka hospitali, saa yoyote ile, nani atakaa nawe, na ikihitajika damu, nani atatoa. La kwanza lilikuwa rahisi, jirani alikuwa dereva wa teksi, na namba yake ikabandikwa kwenye mlango wa jokofu la nyumbani. Begi lilipangwa likawekwa nyuma ya mlango: shuka safi, nguo za mtoto, kofia ndogo tatu alizoshona mama mkwe, nepi, sabuni, daftari la maswali. La pili pia lilikuwa na jibu. Baridi alisema atakaa yeye.

La tatu ndilo lililomtoa jasho. Baridi alikwenda kuchangia damu kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa shati, akaiona sindano ingali mezani, kwenye karatasi yake haijafunguliwa, akaanguka. Alirudishwa nyumbani amelegea kama nguo iliyotoka kufuliwa. Mama yake alisema aachwe, wapo watu wengine. Koma naye alisema hivyo. Wiki iliyofuata Baridi alikwenda tena peke yake, akajifunga kitambaa machoni, akamwomba muuguzi amwimbie wimbo wowote. Alirudi na plasta mkononi, akakaa mezani akiuweka ule mkono mahali ambapo kila mtu angeuona.

Ikaingia wiki ya thelathini na saba. Koma alikuwa ameahidi kuanza likizo Ijumaa. Jumanne asubuhi aliingia kazini na kichwa kinachogonga tangu jana yake. Alisema ni wino. Pete ilikuwa imembana, akasema ni joto. Akasoma prufu ya kalenda ya shule moja, akatia saini, akaipeleka mashineni.

Mashine kubwa iliendeshwa na mzee ambaye kucha zake hazikuwahi kuwa safi tangu ujana, akaitwa Mzee Wino. Alikuwa mtu wa utani, na kwa Koma alikuwa kama baba mdogo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akivizia kosa moja tu limponyoke Koma ili apate cha kumcheka. Siku hiyo alikuja na karatasi, anakenua meno yote aliyobaki nayo.

"Binti, saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Basi pongezi. Umewapa wanafunzi Jumatano mbili katika wiki moja. Na Alhamisi umeifuta duniani."

Alingoja afokewe. Koma alichukua karatasi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Herufi zilikuwa kubwa kama vikombe, lakini zilikuwa zinaogelea, na pembeni yake vilichezacheza vinuru vidogo kama cheche za fundi wa vyuma.

"Mzee wangu," alisema polepole, "hebu niwekee kidole hapo kwenye kosa."

Mzee Wino aliweka kidole. Koma akatazama kidole. Hakuona kosa. Hata kidole alikiona kwa shida.

Kicheko kilimpotea mzee usoni mara moja. "Uso wako umevimba," alisema. "Kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana." Koma alifungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki. "Nyuma huko kuna dalili za hatari. Nisomee. Mimi siwezi."

Mzee Wino akavaa miwani. "Kuumwa kichwa sana."

"Ndiyo."

"Kuona maruweruwe."

"Ndiyo."

"Kuvimba uso na mikono." Akaitazama mikono ya Koma, na pete iliyozama kwenye kidole. Hakuendelea kusoma. "Kadi hizi nimezichapa mimi, maelfu," alisema, "na sijawahi kusoma huku nyuma." Kisha akatembea haraka hadi mashineni, akaizima. Mashine ile haikuwa imewahi kuzimwa kabla ya saa ya chakula. Ukimya ule uliwatoa watu vyumbani mwao.

Mzee Wino mwenyewe alimpigia Baridi simu. Baridi hakuuliza swali hata moja. Alimwacha mteja na jokofu limefunguliwa tumbo, na baada ya muda mfupi teksi ya jirani ilikuwa mlangoni, mama mkwe ndani, begi mapajani. Walimlaza Koma kiti cha nyuma, ubavu wa kushoto. Njiani alisema mara moja tu, "Naogopa," na Baridi akamjibu, "Hata mimi. Lakini tumekuwa wepesi."

Hospitali walimpima presha: mia na sabini kwa mia na kumi na mbili. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Daktari alikuwa kijana, ila aliongea kwa utulivu, akawaambia bila kuzunguka kwamba ile ni hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba, na kwamba mama akifikia degedege, yeye na mtoto wote huwa hatarini. Watamchoma sindano ya kuzuia degedege, watampa dawa ya kushusha presha, na kwa kuwa miezi imetimia, watamwanzishia uchungu.

Koma alinyoosha mkono. "Daftari."

Baridi akalitoa kwenye begi. Macho ya mkewe hayakuweza kusoma, kwa hiyo alisoma yeye, kwa sauti ya mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Swali la tisini na tatu. Mtoto akizaliwa wiki hii, mapafu yake yatakuwa yamekomaa?"

"Kwa kawaida ndiyo," alijibu daktari, "na tutamwangalia."

"Swali la tisini na nne. Mume anaweza kukaa?"

Daktari alimtazama yule mtu mwenye kipara kilichojaa jasho. "Anaweza, kama hataanguka."

Hakuanguka. Uchungu ulichukua muda, na mtoto alizaliwa siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Muda wote huo Baridi alimsugua mkewe mgongo, akamlowesha midomo kwa maji, na macho yake aliyakaza dirishani pale mambo yalipozidi. Alikuwa ameshika neno moja alilolisikia kliniki, "vuta pumzi," akalirudia mpaka Koma, katikati ya uchungu, akamwambia, "Baba, hiyo pumzi ivute wewe." Wauguzi wawili waliokuwa pale walicheka, na Baridi kwa kweli akaivuta.

Alikuwa msichana. Kilo mbili na gramu mia saba, na nywele kichwa kizima. Walimkausha, wakamlaza juu ya kifua cha mama yake ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote wawili, na kabla saa haijaisha alikuwa ameshika titi. Mama mkwe aliporuhusiwa kuingia alitazama kwanza nywele, akasema, "Mayai hayo," akaanza kulia.

Presha haikushuka siku ile, wala ya pili. Sindano za kuzuia degedege ziliendelea kutwa nzima baada ya kujifungua, na Koma alikaa wodini siku tano. Siku ya pili macho yalianza kutulia. Mkunga wa kliniki alikuja kumtazama baada ya kazi, na hata pale hakuacha kufundisha: hatari haiishi siku ya kujifungua, alisema, hadi wiki sita wewe ni mali yangu; kichwa kikirudi, macho yakifanya mchezo, damu ikizidi, homa ikipanda, usingoje kesho. Alisema hayo akimwelekea Baridi, maana alijua nani atakayekumbuka.

Nyumbani Baridi alijifunza kufua nepi, akawa anazianika kwa mstari ulionyooka kama mabomba ya jokofu. Mama mkwe alipika. Kazi ya Koma ilikuwa kunyonyesha, kula, kunywa dawa ya presha na kulala kila mtoto alipolala, na hiyo ya mwisho ndiyo aliyoifanya vibaya kuliko zote, kwa kuwa alipenda kumtazama.

Wiki ya nne, Jumapili mchana, Mzee Wino alikuja kuwaona. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni kabla hajaomba kumshika mtoto, na hata hivyo aliitandika shuka mapajani kwanza. Alitania kidogo. Alisema kiwanda kimekuwa kitamu mno, kila mtu anaandika atakavyo. Halafu, mtoto akiwa amelala juu ya kifua chake, sauti yake ikawa nyingine.

"Binti, hawa wote huko kazini wanajua mke wangu mmoja. Alikuwepo mwingine kabla yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Miezi ilikuwa imetimia, akaniambia kichwa kinamuuma na anaona vinyota. Nikamwambia, lala, kitapoa. Hakuamka tena."

Nje Baridi alikuwa amesimama na nepi mkononi, hajui aitundike au aishike.

Koma aliinuka, akaketi kwenye mkeka karibu na kiti cha mzee, akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kile kiti. "Hukujua, mzee wangu," alisema. "Hakuna aliyekwambia."

"Sikujua," alikubali Mzee Wino. "Nilikuwa sijui kabisa."

Mama mkwe alileta chai, akaiweka karibu na mzee, akaondoka. Kisha mtoto akanyoosha mguu, akakunja uso, akaanza kutafuta maziwa kwenye shati la mzee, na Mzee Wino akasema kwa haraka, akicheka huku anajifuta macho, "Mchukue, mchukue, mimi hapa sina kitu."